Alibana Moshi Penye Tambarare

Sifa alikuja kwenye matanga ya mume wangu akiwa amevaa kitenge kizuri kuliko changu. Najua si jambo la kusemwa na mtu mzima, tena mjane, tena siku ambazo watu wamejaa uani wanakushika mikono na kukupa pole. Lakini nikianza kwa kudanganya, basi hakuna haja ya kuandika. Alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yetu pale Baraka, mwanamke wa umri wangu au pungufu kidogo, mgongo umenyooka kama wa msichana wa kwaya, akasalimia wazee, akasalimia wakwe, kisha akalia. Alilia kidogo tu, kwa kipimo, kama mtu anayejua kwamba kilio kikubwa si haki yake. Binti yangu Riziki akaninong'oneza, "Mama, huyu ni nani?" Nikamwambia ni mtu wa zamani wa baba yako. Nikaona nimesema vibaya, nikasahihisha: ni mtu wa zamani wa kule mlimani. Alipokuja kuketi karibu nami nilimsogezea nafasi kwenye mkeka, maana matanga hayamfukuzi mtu. Lakini moyo wangu ulikuwa umekwisha kuondoka pale uani, umerudi chini ya mlima wa Fizi, kwenye mwaka ule ulio kati ya vita mbili, niliposikia gari la mume wangu likibana moshi mahali pasipo na mteremko.

Wakati huo tulikaa pale ambapo barabara ya kutoka Fizi inamaliza kushuka, kabla haijanyooka kwenda Baraka na ziwani. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na nyuma yake jiko la majani ambamo niliwapikia madereva na abiria wao ugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, na migebuka siku ambazo ziwa lilikuwa na huruma. Vita ya kwanza ilikuwa imepita. Watu walikuwa wamerudi kutoka ng'ambo ya ziwa, wamepanda muhogo tena, na magari machache yaliyonusurika yalianza kupeleka chumvi na sabuni kule juu hadi Lulimba kwa wachimba dhahabu, yakirudi na maharage na mawese. Asukulu wangu aliendesha mojawapo, Benzi la zamani la tajiri mmoja wa Baraka, kichwa cha samawati, mlango wa kulia umefungwa kwa waya kwa kuwa kitasa kilikuwa kimekufa. Ukitaka kuketi karibu na dereva ulipandia mlango wake, ukakivuka kiti chake. Lakini gari hilo lilikuwa na kitu ambacho mengine hayakuwa nacho: kitufe chini ya mguu wa kushoto wa dereva. Akikikanyaga, bomba la moshi linazibwa, moshi unakosa pa kutokea, na injini inalishika gari lisikimbie. Mafundi wana jina lake la Kifaransa. Sisi tulisema gari linabana moshi. Na likibana linatoa mlio mzito wa kifuani, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema jambo, na mlio huo unasikika mlima mzima.

Mimi nilipika kwa mlio ule. Wa kwanza ulitoka juu kabisa, barabara inapoanza kuanguka, na hapo niliinjika maji. Wa pili ulitoka kwenye kona ya mawe meupe, na hapo nilichekecha unga. Baada yake palikuwa kimya, kwa sababu katikati ya mlima kuna tambarare yenye mipera na nyumba chache, na gari hupita pale likipumua. Kisha ukaja mlio mrefu wa mteremko wa mwisho, mbaya kuliko yote, na hapo nilisonga ugali. Asukulu aliketi mbele ya sahani inayotoa moshi, akanawa, akasema ile ile aliyosema kila siku kwa kila kijana aliyekubali kusikiliza: "Freni ya miguu ni ya kusimamisha gari, hapana ya kuishusha. Ukiikanyaga mulima yote inapata moto, na siku unaiitaka, haiko. Gari inashukaga na vitesi ile ungeipandisha nayo. Na unaichagua mbele ya kushuka, hapana katikati." Vijana waliitikia ndiyo Baba Riziki, kisha wakaenda kushusha magari yao bila vitesi, bila gia yoyote, ili mafuta yabaki wayauze. Mlasi, rafiki yake wa tangu ujana, alikufa hivyo hivyo mwaka wenyewe ulipoanza. Gari lilitoka tambarare likiwa huru, breki zikaungua, likashindwa na mteremko wa mwisho na kuingia bondeni. Alimwacha mke kijana pale kwenye mipera. Mke huyo ndiye Sifa.

Siku niliyosikia, nilikuwa natwanga sombe na jirani yangu Mama Eca, mwanamke mwenye ulimi usiolala. Mlio wa kwanza, nikainjika maji. Wa pili, nikachekecha. Halafu pale pa kimya, pale pale, gari likabana moshi. Fupi, kisha fupi tena. Mama Eca alisimamisha mchi wake hewani. Kila mwanamke wa chini ya mlima aliijua barabara ile kwa masikio, na kila mmoja alijua kwamba penye tambarare hakuna cha kubania. "Mama Riziki," akasema, "bwana yako iko napigia nani hodi kule?" Nikamwambia labda ni ng'ombe wa wafugaji wa Minembwe kule juu wameshuka barabarani. Akaanza tena kutwanga, taratibu, akitabasamu kwenye kinu. "Bazee banasemaga penye moshi hapakosi moto," akasema. "Sasa penye kunabaniwa moshi, kunakosaga nini?" Nilicheka naye. Nilicheka mpaka machozi, na mkono wangu ukatia chumvi mara mbili, na madereva wakanywa maji mengi siku hiyo.

Nilimwuliza wakati anakula. Nikauliza kama mtu asiyeuliza, nikimimina maji ya kunawa: leo mlimani kulikuwaje, njia ilikuwa na nini. Akasema mbuzi. Safari iliyofuata gari likabana tena mahali pale pale, nikauliza tena, akasema alikuwa anakijaribu kitufe. Safari nyingine akasema hakumbuki kama alibana. Asukulu hakuwa mwongo. Ndiyo maana uongo wake ulikuwa mbaya sana, kama nguo iliyoshonwa na mtu asiyejua kushona, kila uzi unaonekana. Ningekuwa nimeolewa na mwongo hodari ningelala. Wivu ukaniingia mwilini kama homa ya ziwa, unaoga nayo na unakula nayo. Nikaanza kusikiliza hata magari ya wengine. Nikaanza kumpima: amekula kidogo, basi amekula kwa mwingine, amekula sana, basi ana dhamiri. Usiku akikoroma karibu nami niliona hata kukoroma kule kuna kubana na kuachia. Na wenzangu pale jikoni walifika wakati wa gari kwa wingi kuliko zamani, kila mmoja na kisingizio chake cha moto au chumvi, wakisikiliza mlima huku wananitazama usoni.

Mwisho nikamwambia nataka kwenda naye Fizi sokoni. Hakukataa. Alipanda, akanivuta mkono, nikakivuka kiti chake nikaketi upande ule wa mlango wa waya, nimevaa kitenge changu cha Krismasi. Kupanda kulikuwa kuzuri. Alinionyesha kila kitu kwa fahari ya mtoto, sindano ya upepo kwenye saa yake mbele ya usukani, kitufe chenyewe kilichong'aa kwa kukanyagwa. "Unaona hii sindano? Upepo njo freni. Upepo ikikwisha, freni imekufa, na kubana moshi nayo imekufa. Pale unabakia na moteri na Mungu." Nikauliza nani anatangulia. Akacheka, "Moteri. Mungu anakuyaga nyuma kuona kama uliichagulia vitesi muzuri." Wakati wa kushuka alibana kule juu, akabana kwenye mawe meupe, na mimi kwa mara ya kwanza nikausikia mlio ule kutoka tumboni mwake, sakafu ikitetemeka chini ya nyayo zangu, na nilimpenda kwa kweli. Halafu tukaingia tambarare. Kati ya mipera palikuwa na nyumba yenye mlango wa kijani, na mbele ya mlango amesimama Sifa, mikono kifuani, shingo imeinuliwa kama mtu anayengoja kuitwa. Mimi sikuendelea kumtazama yeye. Nilitazama mguu wa kushoto wa mume wangu. Uliinuka, ukasimama juu ya kitufe, ukakaa hapo hewani kwa muda wote tuliopita ile nyumba, kisha ukarudi chini bila kugusa. Sifa aliniona kupitia kioo cha mbele, akageuka akaingia ndani. Ugali wa siku hiyo niliusonga nikiwa nimeutazama ukuta.

Nilipanda kwake kwa miguu, na chupa tupu ya mawese mkononi ili niseme nimekuja kununua. Nilitaka kuona chumba. Mwanamke mwenye wivu haamini maneno, anaamini vyumba. Kilikuwa chumba safi mno. Kitanda kimetandikwa, viatu vya marehemu mume wake vimepangwa chini yake, juu ya meza sahani moja, kikombe kimoja. Nilitafuta cha pili kwa macho, sikukiona, na badala ya kutulia nikakasirika zaidi. Sifa alinipa kiti. "Karibu yaya," akasema. "Mi nilijua utakuya." Nikamwambia sitaki kuitwa yaya, mimi si dada yake mkubwa, nataka kujua mume wangu anamwitia nini na gari la watu. Akaketi chini, akafunga kitenge vizuri magotini, akasema bila kupandisha sauti: "Si kuniita, yaya. Ni mi nilimuomba shemeji. Mulasi alipita hapa bila kelele, nikasema bwana yangu amepita muzuri, nikarudia kuosha vyombo. Sasa kila gari ikipita kimya, mwili yangu inakufa mpaka nisikie imefika kwenu. Nikamuambia shemeji, mbele ya kuingia mu ule mutelemuko, nisikilize kama freni yako iko. Njo ananisikilizishaga. Anabana, anapita. Hata siku moja hajasimama."

Hata siku moja hajasimama. Ningepaswa kushuka mlima nikiimba. Nilishuka nimeishika chupa yangu tupu kama rungu, maana laiti ningekuta amelala naye ningejua la kufanya. Ningempiga, ningemtukana yeye na ukoo wake, ningewaita wazee, mbuzi wangechinjwa, mambo yangekwisha. Lakini mtu anapigana vipi na mlio? Alimpa mwanamke mwingine kitu ambacho hakikuwa na jina, na ambacho mimi sikuwahi kupewa. Kwangu alileta mwili, njaa na nguo za kufua. Nilimwambia hivyo jioni hiyo, mbele ya watoto, sauti imenipasuka: "Na mimi je? Mimi unanibaniaga nini?" Asukulu aliacha tonge mkononi akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa Kichina. "We?" akasema. "We mi ninakufikiaga, Mama Riziki." Nikaona ni jibu la mvivu. Nikaondoa sahani yake kabla hajashiba. Aliendelea kubana moshi pale tambarare kila safari, sasa bila kunidanganya, na mimi niliendelea kuusikia kila safari, na unga wangu ukawa na mabonge.

Kisha vita ya pili ikaja. Hakuna aliyetupigia tarumbeta. Asubuhi moja risasi zilisikika nyuma ya milima, na kabla jua halijasimama barabara yote ilikuwa magodoro, kuku na watoto, watu wanaenda Baraka kutafuta mitumbwi ya kuvukia Tanzania. Asukulu alikuwa Fizi na gari. Mama Eca alinivuta mkono: "Tuende! Gari itatukuta mu njia!" Nikamwambia gari lile linanikuta hapa au halinikuti. Nilikaa mlangoni na wanangu wawili na furushi moja. Nilipousikia mlio wa kwanza kule juu, mikono yangu yenyewe iliinjika maji, ingawa hapakuwa na mtu wa kula. Nikangoja wa pili. Haukuja. Niliisikia injini tu, inaguna, inahangaika, inafika tambarare, inapungua, na kusimama. Nanyi mnisamehe, risasi zilikuwa zinalia, nchi ilikuwa inakimbia, na mimi jambo la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa hili: amesimama kwa Sifa.

Baada ya muda abiria wake wakaanza kutokea kwenye njia ya mkato, wanashuka kwa miguu, wazee wamebebwa mgongoni. Nikamkamata mmoja aliyekuwa mteja wangu wa siku nyingi. Alikuwa anatweta. "Upepo imekwisha," akasema. "Paipu imepasuka kwa mawe meupe. Freni hapana, kubana moshi hapana. Ametushusha bote, bantu bametupa mifuko ya maharage inje." Nikauliza na yeye? "Anakuya na gari. Anasema batoto bako chini, na Baraka ni mbali na miguu." Peke yake? Yule mtu akatazama pembeni. "Kuko mwanamuke mu kabini. Alimukatalia kushuka. Alisema, bwana yangu alishuka hapa peke yake, we hautashuka peke yako." Nikakumbuka ule mlango wa kulia na waya wake. Aliyeketi kule hawezi kuruka. Sifa alijua, nani hakujua? Alikuwa amekivuka kiti cha mume wangu kwenda kuketi mahali ambapo gari likienda bondeni, wanakwenda wote wawili.

Niliusikiliza mteremko ule wote. Hakubana moshi, hapakuwa na cha kubania. Palikuwa na injini peke yake katika gia ya kwanza, sauti nyembamba inayopanda, inapanda mpaka unafikiri sasa itakatika, kisha inashuka kidogo kwenye kona, kisha inapanda tena. Nilijua mguu wake hauko kwenye kitu chochote. Nilijua hathubutu kugusa gia, kwa kuwa akiitoa hairudi tena. Alikuwa amechagua mbele ya kushuka, kama alivyowaambia vijana, na sasa alikuwa anaishi ndani ya alichokichagua. Na mimi nilikuwa nimesimama chini, mke wake wa kanisani, na maji yangu yanachemka, ninasikiliza mume wangu akishuka na kifo pamoja na mwanamke mwingine. Wanawake wengine huonea wivu kitanda. Mimi niliuonea wivu mteremko.

Walitokea kwenye kona ya mwisho kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Gari lilifika kwetu, akalielekeza kwenye lundo la udongo kando ya jiko langu, likagusa, likatetemeka, likazimika. Watu walipiga vigelegele vitani, mnaweza kuamini? Asukulu alishuka, shati limelowa. Kisha akageuka, akanyoosha mkono ndani, akamsaidia Sifa kutoka kwa mlango wake, kama alivyonisaidia mimi siku ile ya sokoni. Sifa alinipita bila kunitazama, akaingia jikoni kwangu akaketi chini. Ndipo Asukulu akanishika mabega. "Batoto bako wapi?" akasema. Akafunga paipu kwa mpira, akangoja sindano ya upepo inyanyuke, tukapakia watoto, wazee na kila aliyeweza kushika mahali, na kwenye ile barabara tambarare alitufikisha Baraka. Kwenye kabini, karibu na dereva, niliketi mimi. Sifa alikuwa nyuma na watu. Ufukweni tulipanda mtumbwi mmoja, yeye mwingine, kambi yetu ikawa moja na yake nyingine, na kwa miaka yote ya ukimbizi na baada ya kurudi sikumtaja, wala Asukulu hakumtaja mbele yangu. Lakini aliponyamaza sana mahali, hata uzeeni, hata karibu na redio, nilijiuliza kama yuko kule kwenye gia ya kwanza, na nani ameketi karibu naye.

Basi sasa alikuwa ameketi karibu nami kwenye mkeka, na watu walikuwa wanapakua ugali wa matanga. Nilijiambia nikae kimya kama mtu mzima. Sikuweza. Nikamwuliza polepole, ili wakwe wasisikie: "Siku ile alikuambia nini mule ndani ya gari?" Hakujifanya kutoelewa. "Aliniambia nishuke," akasema. "Nikakatala. Kiisha hakusema tena kitu. Alikuwa anasikiliza moteri." Nikamwambia nimemwonea wivu tangu siku hiyo, mpaka leo, mpaka kitenge chake. Sifa akaanza kucheka, mkono mdomoni kwa sababu ya watu, mabega yanatikisika, kisha nikaona halikuwa cheko tena. "We? Unionee wivu mi?" akasema. "Yaya, mi nilikuwa ninakaa pale juu ninasikiliza. Kwangu ile gari inapiga kelele, inapita. Inashuka, inashuka, inafika kwenu, inazimwa. Kila mara. Mi ninasikia vile inazimwa. Kiisha kimya, na mi najua sasa shemeji iko nanawa mikono. We ulikuwa unahesabia ile kelele. Mi nilikuwa nahesabia kimya."

Mtoto alituletea sahani moja yenye migebuka, tukanawa kwenye beseni moja, tukala. Chakula kilikuwa na chumvi kidogo mno. Tulipofika kwenye vichwa vya samaki nikamwambia, kwa sababu nilitaka hata mimi kuwa mkarimu mara moja katika maisha yangu, kwamba basi, tumalize, kile kimya nimekisikia, nakishukuru, na yale yote ya mwaka ule tuyaseme ni yetu sote wawili.

Sifa akalamba kidole, akafikiri.

"Yote, yaya," akasema. "Lakini ule mutelemuko wa mwisho ni wangu. Ule sikupe."

Na hakunipa.